Dadu Ilisema Mbili

Nafula mwanangu,

Begi lako liko mlangoni, na wewe umelala, au unajifanya umelala kama ulivyokuwa ukifanya asubuhi za mtihani. Mimi niko jikoni. Miguu imevimba tangu nitoke kiwandani, nimeiweka juu ya kigoda, na karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la zamani la hesabu. Usininunie.

Habari za neti, za kufua, za kula kwa wakati, sitaziandika. Nimezisema mwezi mzima hata masikio yangu mwenyewe yamechoka. Najua Eldoret kuna baridi. Kila mtu hapa Chaani ameshakwambia, hata wale ambao hawajawahi kuipita Mariakani. Mimi nataka kukuandikia habari ya mchezo wenu wa Jumapili, na ya baba yako. Unaondoka kesho, na yeye hajakaa kwenye ile meza tangu siku ya dadu. Hakusemeshi ila kwa salamu. Wewe umelibeba jambo hilo kimya, peke yako, na wala si lako. Ni langu.

Uliponieleza mchezo huo mara ya kwanza nilikuwa nakuna nazi, na nilikusikiliza kwa sikio moja. Ulisema watu wanakaa mezani, kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na mmoja ndiye msimulizi anayewaeleza nchi waliyomo na hatari zilizo mbele yao. Kila mchezaji anasema mtu wake anafanya nini, kisha dadu inarushwa kuamua kama amefaulu au amekwama. Nikakuuliza, "Na nani anashinda?" Ukasema hakuna anayeshinda, watu wanaendelea tu na hadithi. Nilidhani unanificha kamari. Jirani yetu alidhani ni uchawi, akanishauri niipeleke ile dadu ya pande ishirini kanisani ikaombewe. Nilimwambia tuanze na redio yake.

Basi mkaanza Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwetu kwa sababu sisi ndio wenye meza kubwa. Kadzo alikuwa akitoka Mtopanga, anavuka kisiwa kizima kuja kucheza. Rashidi alitoka nyumba ya pili tu, na bado alikuwa wa mwisho kufika. Msimulizi ulikuwa wewe. Na baba yako alikuwa pale pale kwenye kiti chake karibu na dirisha, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Unakumbuka alivyokuwa. Kiharusi kilimkuta Malaba kwenye foleni ya malori, na mtu aliyeondoka hapa akiimba alirudishwa akiwa na mkono mmoja unaofanya kazi na maneno yanayopanda kama trela lenye mzigo mlimani. Maneno yote yapo, daktari alisema. Yanachelewa tu. Sisi ndio tuliokuwa hatuwezi kuyasubiri. Na ninaposema sisi, namaanisha mimi.

Nimechoka, Nafula. Nalisema waziwazi kwa sababu mengi niliyoyakosea katika nyumba hii yametoka humo, wala hayakutoka kwenye ubaya. Mtu aliyeshona mikono ya mashati kutwa, akasimama kwenye foleni ya maji, akapika, hana subira ya kungoja neno moja lifike. Kwa hiyo nilikuwa nammalizia. Hospitali nilimsemea. Kanisani watu walimwamkia nikaitikia mimi. Siku moja alianza, "Ma... ma..." nikamletea maji. Akayatazama, akayanywa. Jioni ndipo wewe uliponiambia kwamba alikuwa anaulizia hali ya mama yake, bibi uliyerithi jina lake. Nilicheka kidogo siku hiyo, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu sikutaka kulia mbele yako.

Halafu ikaja ile Jumapili alipovuta kiti. Hakuna aliyemwita. Alikivuta kwa mkono wake mzima, kikapiga kelele sakafuni, akakaa upande wako wa kushoto. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi nikawa tayari kumwambia awaache watoto. Wewe ukaniwahi. Ukamuuliza, "Baba, mtu wako ni nani?" Na mimi, kama kawaida yangu, nikajibu: "Mwandikie dereva." Ukanitazama. Ukasema, bila ukali, "Mama, sheria ya meza hii ni moja kabla ya zote. Hakuna anayemsemea mtu wa mwenzake." Ukaifungua ile sheria kwenye kitabu ulichokichapisha mjini, ukanionyesha kwa kidole, kana kwamba mimi ni polisi wa barabarani.

Tukangoja. Rashidi alijaribu kufungua mdomo, Kadzo akamkanyaga mguu. Maji ya ugali yalichemka, nikasikia kifuniko kikicheza, na sikuenda. Mwishowe baba yako akasema, "Ma-ko-kha. Ana... punda. Anabeba... chumvi."

Mimi nimeishi na mtu huyu tangu nilipotoka Kaloleni, na sikuwa najua kwamba ndani yake kuna mtu anayeitwa Makokha mwenye punda. Nilirudi jikoni nikaegemea ukuta.

Baada ya hapo hakukosa Jumapili. Makokha wake alikuwa mjanja. Aliwavusha jangwani wakati Rashidi alikuwa anataka kupigana na kila jiwe. Zamu yake ilikuwa ndefu kuliko za wote, na wote walingoja, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Hospitali hakuna sheria hiyo, wala kanisani.

Ndiyo maana siku Rashidi alipoleta wazo lake imenikaa moyoni. Ulikuwa unakuna kichwa juu ya kurasa zako, mara nguvu za upanga, mara uzito wa mzigo, naye akasema, "Wallahi Nafula, kitabu hiki kinatuchosha. Hadithi ni hadithi. Tusimulie tu, kila mtu aseme moyo wake unavyompeleka." Mlikubali. Mlifunga kitabu, mkaweka dadu kwenye kikombe. Na kusema kweli ilikuwa Jumapili tamu. Mimi mwenyewe niliacha vyombo nikaja kusikiliza. Rashidi ana mdomo, yule mtoto. Alijenga mji, akauchoma, akaoa binti wa sultani, akamwacha, yote kabla chai haijapoa. Kadzo naye hakubaki nyuma. Mlicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Baba yako hakusema hata neno moja siku hiyo. Kila alipofungua mdomo hadithi ilikuwa imeshafika mji mwingine. Hakuna aliyemnyima, na hilo ndilo lililonitia uchungu. Kila mtu alikuwa huru, na uhuru wote ukaenda kwa mwenye ulimi mwepesi. Msema pweke hakosi. Rashidi hakujua. Ulipomwambia baadaye aliona haya, akamletea baba yako mabuyu kwenye karatasi kuomba radhi, na Jumapili iliyofuata ndiye aliyefungua kitabu kwa mkono wake.

Basi mimi nikaingia wazimu wa upande wa pili. Nilikiazima kitabu. Nilikisoma usiku na Kiingereza changu cha darasa la nane, na kila nilipoelewa sheria moja nilijiona wakili. Nikaanza kusimama nyuma ya viti vyenu. "Kadzo, ukibeba ngao mbili huwezi kukimbia, ukurasa unasema hivyo." "Rashidi, huwezi kufungua kufuli gizani." Siku moja Kadzo alitaka mtu wake amwimbie mamba wimbo wa kubembeleza mtoto ili walale salama ufukweni, nikasema haimo kitabuni. Kadzo akanijibu kwa adabu zake zote, "Abee mama, lakini hata mamba hayumo kitabuni, ni Nafula tu amempenda." Mlicheka. Sikucheka. Nilikaza uzi mpaka mkalala ufukweni kwa zamu huku mnapiga miayo, na mamba wa watu hakuimbiwa. Jumapili ile mliondoka mapema. Nilidhani mmechoka, kumbe niliwachosha.

Usinione mjinga sana. Unajua nilikotoka na sheria. Pale kiwandani sindano ikivunjika mashine inazimwa, na hakuna mtu anayeinuka mpaka vipande vyote vipatikane na vibandikwe kwenye karatasi vikikamilisha umbo la sindano. Kikikosekana kipande kidogo kama nywele, furushi zima la mashati linafunguliwa upya. Niliichukia sheria ile miaka ya kwanza. Nilipiga magoti nikipapasa sakafu wakati wenzangu wanavuka lango kwenda nyumbani, na msimamizi hakujali kama nina mtoto mgonjwa. Sasa sijui ni lini nilianza kuipenda. Pengine ni pale nilipofikiria kwamba shati lile litavaliwa na mtoto wa mtu, mahali nisipopajua, na mama yake hatanijua mimi wala sitapata nafasi ya kumwomba radhi. Sheria ile hainihurumii mimi kwa sababu inamhurumia yeye. Ndivyo nilivyoona kitabu chenu baada ya ile Jumapili ya Rashidi: kuna mtu mmoja dhaifu kinayemlinda. Kosa langu ni kwamba nilidhani basi kila mstari wake unamlinda mtu. Mingine ilikuwa inamlinda mamba.

Sasa naja kwenye lile lenyewe.

Mtu wa Rashidi alipokufa, yule mwizi wake mwenye maneno, sote tulikuwapo. Wewe ulirusha dadu nyuma ya ile kadibodi unayoisimamisha mezani ili wachezaji wasione, ukasema nne, haitoshi, ameanguka. Rashidi alishika kichwa, akalalamika, akaomba dua ya maiti kwa mzaha, kisha akachukua karatasi mpya akaanza mtu mwingine. Na baba yako alimpiga bega akamwambia, polepole, "Asiyekubali... kushindwa..." na wote mkangoja, mkangoja, mpaka akamaliza mwenyewe, "...si mshindani." Alikuwa na furaha siku hiyo kama aliyehitimu chuo.

Wiki ile nzima mimi sikulala vizuri. Niliona Makokha naye atakufa siku yoyote, na nikaogopa. Sikuogopa kwa ajili ya punda. Niliogopa kwamba Makokha akifa baba yako atarudi kwenye kiti cha dirishani, na mimi nitabaki tena na mtu asiyesema, na wewe barua ya chuo umeshaipata. Ndipo nikakuita jikoni. Ulikuwa umeshika sinia la vikombe. Nikakwambia, "Mtu wa baba yako asife. Fanya utakavyofanya."

Ulisema, "Mama, si wewe unayesema sheria ni sheria?"

"Sasa nasema vingine."

"Akijua?"

"Atajuaje? Dadu iko nyuma ya kadibodi."

Ulisimama na lile sinia mpaka nikakuambia chai inapoa. Nakumbuka uso wako. Nilikulazimisha, Nafula. Nilitumia ile sauti ambayo mtoto wa nyumba hii hajawahi kuikataa.

Na siku yenyewe ikaja, kwenye ule mto uliofurika. Wote walikuwa wameshavuka. Makokha akarudi nyuma kumfuata punda mmoja aliyebaki ng'ambo. Ulimwonya kwamba maji yanapanda. Alisema anarudi. Ukarusha. Nilikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo. Ulitazama dadu, ukanitazama mimi, ukasema, "Kumi na saba. Umevuka, Baba." Rashidi akapiga makofi.

Mimi na akili zangu zote sikufikiria jambo moja dogo: alikuwa amekaa kushoto kwako tangu siku ya kwanza. Kadibodi ilikuwa inawazuia wengine tu kuiona dadu.

Akasema, "Mbili."

Ukasema, "Baba..."

"Ni... mbili."

Halikuwa neno refu, lakini hakuna siku aliyolisema neno lolote kwa uwazi namna ile. Akachukua fimbo yake akaenda chumbani, na Kadzo akaanza kukusanya kalamu ilhali hakuna aliyesema mchezo umekwisha.

Tangu hapo amekuona wewe ndiwe uliyemwonea huruma. Rashidi alikufa kama mtu mzima, yeye akabebwa kama mtoto. Ningekuwa yeye ningekasirika zaidi. Nawe hukumwambia ni nani aliyekutuma. Umekula naye, umemshikia kikombe, umemfunga vifungo vya shati la ibada, na hukumwambia. Nilikuwa nangoja useme ili nipone. Nilijiambia, akisema leo nitakubali. Akisema kesho nitakubali. Kumbe nilikuwa nakuachia wewe zamu yangu.

Leo, baada ya wewe kuingia kulala, nilikuwa namkanda ule mkono kwa mafuta ya nazi kama kila jioni. Nikamwambia. Sikutafuta maneno mazuri. Nilisema, "Baba Nafula, ile mbili kuwa kumi na saba ni mimi. Nilimlazimisha mtoto jikoni. Niliogopa utaacha kusema."

Nikaendelea kukanda, na nikaanza tabia yangu: "Umekasirika? Unataka kulala? Unataka..." Akaniwekea kiganja juu ya mkono. Nikanyamaza. Nafula, ni kazi kubwa kunyamaza kuliko kushona. Nilisikia lori likishuka huko barabarani, nikasikia friji ikizima na kuwaka, na ulimi wangu ulikuwa na majibu kama kumi niliyotaka kumpa achague.

Akasema, "Sheria... ilisema... nife."

Nikasema ndiyo.

"Haikusema... vipi."

Halafu akasimulia. Alisimulia Makokha alivyokufa mtoni, kutoka alipoukanyaga ukingo hadi mwisho, na punda, na chumvi ilivyokwenda. Chai yangu ilipoa na utando ukafanyika juu. Kuna mahali alikwama kwenye neno moja, na mimi nililijua lile neno, lilikuwa limekaa mdomoni mwangu kama peremende. Sikulitoa. Alilipata mwenyewe, na halikuwa lile nililolidhani. Lilikuwa zuri kuliko langu. Nililia, naye akanicheka kwa upande ule wa uso unaocheka.

Sikuandikii hapa jinsi Makokha alivyokufa. Nilitaka. Nilimwambia, "Niandike kwenye barua, asome kwenye basi?" Akatikisa kichwa. Akasema atakuambia yeye. Na mimi nimejifunza sheria hiyo moja, hata kama zile nyingine zote zimenipotea. Nimekaa nawe miaka yote hii nikidhani mtu hupendwa kwa kurahisishiwa. Huko uendako utakutana na watu wa kila namna, wa kitabu na wa kukichana kitabu, na sina la kukufundisha juu yao, mimi nimekuwa wa namna zote mbili ndani ya sebule moja na nimeharibu pote. Jambo moja tu naweza kukwambia kwa hakika, kwamba baba yako alitaka kupewa mbili yake.

Nisamehe kwa sinia lile, na kwa siku zote ulizonyamaza kwa ajili yangu. Ulikuwa msimulizi mzuri. Uliharibu mara moja, na siku hiyo mkono haukuwa wako.

Barua hii naiweka juu ya viatu vyako ili uione kabla hujavivaa. Ukimaliza kuisoma njoo sebuleni. Baba yako ameniomba nimwamshe alfajiri, na ameniomba shati la ibada. Atakuwa amekaa mezani. Kaa kulia kwake, upande ule ambao mkono hauna nguvu, ili asikufiche uso kwa aibu akikwama. Atakwama. Utalijua neno analolitafuta, maana wewe u mwepesi kuliko mimi, na litakuwasha mdomoni. Lifumbie mdomo.

Atakwenda polepole, na mto ule ni mpana. Nimeshapiga simu kuuliza: basi la asubuhi likiondoka, kuna lingine la jioni.

Mama yako